Barua ya wazi: Tuhesabieni ndege zilizoponea chupuchupu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA),
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Nchini (KAA),
Kwa idara ya uchunguzi wa ajali za ndege (AAID),

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mkazi wa South C, mtaa ambao ndege za Uwanja wa Wilson, hapa Nairobi, hupita juu ya paa zake tangu alfajiri hadi giza linapoingia. Mimi si rubani wala mhandisi, na sijawahi kupanda ngazi za mnara wa kuongozea ndege. Ninayo hoja moja tu, na nimeivumilia kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, muda mfupi kabla ya saa nne, ndege ya Safarilink aina ya Dash 8 iliyokuwa na abiria 39 na wahudumu 5 ilipaa kutoka Wilson kuelekea Diani. Haikuwa imefika mbali ilipogongana hewani na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172. Ile kubwa iligeuka, ikarudi Wilson na kutua, na abiria wake wakateremka salama. Ile ndogo ilianguka ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na mkufunzi pamoja na mwanafunzi wake wakafariki. Tulimshukuru Mungu kwa ajili ya wale 44, lakini shukrani ile ilitukwama kooni, maana katika familia mbili siku hiyohiyo watu walikuwa wakianza kutafuta viti vya matanga.

Kufikia jioni simu zilikuwa zimejaa picha za mabaki yaliyotawanyika nyasini, na kila mtu alikuwa na hukumu yake. Kwa mama mboga ninakonunua sukuma wiki, kijana wa boda alishikilia kwamba mwanafunzi alipotea njia. Mama mwenyewe alisema watu wa mnara walilala kazini. Mzee mmoja aliyekuwa akichagua nyanya akasema siku ya mtu ikifika imefika, akalipa, akaenda zake. Sikuwalaumu, kwa kuwa mtu asiyepewa habari hujitengenezea. Hata hivyo nilirudi nyumbani na swali ambalo halikuulizwa pale wala kwenye taarifa za habari za usiku ule: kabla ya siku hiyo, ni mara ngapi ndege zilikuwa zimekoswakoswa kugongana karibu na Wilson, na ni nani aliyekuwa akihesabu?

Nina sababu ya kuuliza hivyo. Miaka kadhaa kabla ya ajali hiyo nilikuwa roshani nikianika nguo, nikaona ndege mbili upande wa mbugani, moja kubwa ikipanda na nyingine ndogo ikikata kona, zikakaribiana hadi moja ikaificha nyingine. Jirani yangu wa chini alikuwa akikamua blanketi. Aliliachia likarudi kwenye beseni, maji yakamrukia usoni, na hakujipangusa. Kisha ndege zikaachana, kila moja ikashika njia yake, na mngurumo ukaendelea kama kawaida. Ninajua kwamba mtu aliye chini hudanganyika kuhusu umbali wa vitu vilivyo angani, na huenda kati yao palikuwa na nafasi ya kutosha. Hata hivyo nilipiga simu ofisi moja ya umma. Aliyepokea alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama kuna mtu aliyeumia. Nikamjibu kwamba hakuna. Akasema, "Basi tushukuru Mungu," na mazungumzo yakaishia hapo. Niliandika tarehe nyuma ya kalenda ya ukutani, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kuiandika.

Waheshimiwa, lawama yangu haimhusu mtu yule wa simu, bali kipimo alichotumia, ambacho naogopa ndicho kipimo chetu sote: kwamba pasipo na maiti hapana tukio. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa ndege, ambao Kenya imeuridhia, hakikubaliani na kipimo hicho. Kinazitaka nchi zichunguze matukio makubwa hata pale ambapo hakuna aliyeumia, na miongoni mwa mifano ya matukio hayo kinataja ndege kukaribiana hadi ikalazimu kuzikwepesha zisigongane. Kinasema pia kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kutafuta wa kubebeshwa hatia.

Tazameni yaliyotokea Washington. Usiku wa tarehe 29 Januari 2025, ndege ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua katika uwanja wa Reagan iligongana na helikopta ya jeshi juu ya Mto Potomac, na watu wote 67 waliokuwa ndani ya vyombo hivyo viwili wakafa. Kesho yake, wazamiaji wakiwa bado wanatafuta miili, Rais Donald Trump alikwisha kusimama mbele ya waandishi wa habari akihusisha ajali hiyo na sera za kuajiri watu wa makundi mbalimbali. Kwa hiyo hukumu za mama mboga si ugonjwa wa South C peke yake. Wachunguzi wa bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani walifuata njia nyingine: walifungua kumbukumbu za miaka iliyotangulia na kuanza kuhesabu. Mwezi Machi walitangaza kwamba kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024, karibu na uwanja huohuo, ndege za abiria na helikopta zilikuwa zimekaribiana mara 15,214, zikiwa zimetengana kwa chini ya maili moja ya baharini kwa upana na chini ya futi 400 kwa kimo. Katika mara 85 kati ya hizo, umbali ulikuwa chini ya futi 1,500 kwa upana na chini ya futi 200 kwa kimo. Takwimu hizo hazikuchimbwa kutoka chini ya mto. Zilikuwa zimehifadhiwa, na mwenyekiti wa bodi hiyo, Jennifer Homendy, hakuficha hasira yake kwamba wasimamizi wa anga walikuwa na habari hizo bila kuzitumia. Njia ya helikopta iliyopita hapo ilifungwa baada ya watu 67 kufa, ilhali mara ya themanini na tano ingetosha kuifunga, na pengine hata ile ya kumi.

Huo haukuwa mkasa wa kwanza kupiga hodi kabla ya kuingia. Tarehe 31 Januari 2001, ndege mbili za Japan Airlines zilikaribiana mno katika anga ya Japani. Mwongozaji wa ndege aliyekuwa ardhini alikuwa ameiagiza mojawapo ishuke, huku kifaa cha tahadhari ya mgongano kilichomo ndani yake kikiiamuru ipande. Rubani alimtii mwongozaji, na ndege zikakwepana dakika ya mwisho kwa mtikisiko uliowajeruhi watu wapatao mia moja. Hakuna aliyekufa. Dunia haikutoa kauli moja kwa marubani juu ya nani wa kumtii pale ambapo mwongozaji anasema hili na mashine inasema lile. Miezi kumi na saba baadaye, usiku wa tarehe 1 Julai 2002, mgongano uleule wa amri ulizikuta ndege mbili karibu na Überlingen, kusini mwa Ujerumani: ndege ya abiria kutoka Urusi na ndege ya mizigo ya DHL. Walikufa watu 71, wengi wao wakiwa watoto wa shule waliokuwa wakienda likizo. Ni baada ya hapo ndipo kanuni za kimataifa zilipoeleza bila utata kwamba rubani aifuate mashine.

Nisieleweke kwamba natafuta mashine ya kutuokoa. Kifaa kile cha tahadhari hunyamazisha amri zake za kupanda au kushuka ndege inapokuwa chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini, kwa kuwa hapo amri ya kushuka ghafla inaweza kuua. Kule Potomac, ambako mgongano ulitokea kwenye kimo cha futi kama 300, marubani wa ndege ya abiria walisikia onyo tu kwamba kuna chombo kingine karibu, bila kuambiwa waende wapi. Hii ina maana kwamba karibu na uwanja, mahali ambapo ndege hubanana kuliko popote pengine, hubaki mnara na macho ya marubani.

Macho nayo yana udhaifu ambao wengi wetu hatuujui. Ndege inayokuja kukugonga haisogei kwenye kioo chako. Hukaa palepale, kama uchafu wa mdudu, ikiongezeka ukubwa polepole na mwishoni kwa ghafla, ilhali jicho la binadamu limeumbwa kushtushwa na kitu kinachosogea. Zaidi ya hayo, bawa la Cessna 172 liko juu ya kichwa cha rubani, na anapokata kona, bawa la upande anaogeukia hushuka na kuziba kabisa sehemu ya anga anakoelekea. Huko San Diego, asubuhi angavu ya tarehe 25 Septemba 1978, marubani wa Boeing 727 ya shirika la PSA waliuambia mnara kwamba wameiona Cessna 172 iliyokuwa mbele yao, kisha ikawapotea machoni. Walikufa watu 144, saba kati yao wakiwa chini, katika mtaa wa makazi. Kila nikisoma habari za San Diego huwa nasimama kwenye hao saba.

Sasa nije Wilson, ambayo mnaijua kuliko mimi, ingawa mimi naisikia zaidi. Uwanja huo unabeba jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929, enzi ambazo South C hii ya leo haikuwapo. Leo hii kuna ndege za watalii wa Maasai Mara na Lamu, ndege za miraa zinazowahi Somalia, madaktari warukao wa AMREF, ndege za misaada, helikopta za wanasiasa ambazo hupiga kelele zaidi ya zote, na katikati ya hao wote wanafunzi wanaozunguka uwanja, wakigusa ardhi na kupaa tena, mara sita, mara nane, hadi mkono ujue kazi. Uwanja wenyewe uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na ndege hupanda kwa uvivu hasa jua linapowaka, na kwa hiyo hukaa kwa muda mrefu zaidi katika kimo kilekile cha wanafunzi. Upande mmoja kuna Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta na upande mwingine kambi ya wanahewa ya Eastleigh, kila kimoja na njia zake angani. Kuhusu majengo yanayozidi kurefuka kandokando ya Wilson sitasema mengi, kwa kuwa KCAA yenyewe ndiyo inayoidhinisha urefu wake na ndiyo inayopaswa kutueleza yamefikaje pale.

Sidai wanafunzi wafukuzwe. Nchi inayotaka marubani lazima iwe na mahali pa kuwafundishia, na wazazi wengi wanauza mashamba ili kijana apate saa zake za kuruka. Kumpeleka kila asubuhi hadi kiwanja cha nje ya jiji kutamla mafuta na fedha. Huenda suluhisho likawa kutenga saa za mazoezi, au kuhamisha mazunguko peke yake na kuacha mengine, na kama kuna gharama inayozidi, serikali iibebe badala ya kumtwika mwanafunzi. Lakini hata hilo hatuwezi kulijadili kama watu wazima bila hesabu mezani. Kama ndege za mafunzo na za abiria zimekoswakoswa mara mbili katika mwaka, hilo ni jambo moja. Kama ni mara arubaini, ni jambo jingine kabisa, na anayejua idadi hiyo huku akinyamaza amebeba mzigo mzito.

Najua pingamizi litakalokuja: kwamba marubani na waongozaji wakijua taarifa zao zitatangazwa, wataacha kuripoti. Pingamizi hilo ni la haki, na jibu lake lilipatikana zamani. Tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya TWA, safari namba 514, iligonga mlima huko Virginia kwa sababu rubani na mwongozaji walielewa tofauti maana ya ruhusa moja ya kukaribia uwanja, na watu 92 wakafa. Ikabainika kwamba wiki sita kabla, ndege ya United ilikuwa imeponea chupuchupu mahali palepale kwa kosa lilelile. United waliwaonya marubani wao, lakini onyo halikuvuka uzio wa kampuni. Mwaka 1976 Wamarekani wakaanzisha mfumo wa kuripoti kwa siri, na badala ya kuuweka mikononi mwa mamlaka yenye uwezo wa kufuta leseni, wakalikabidhi shirika la anga za juu la NASA kazi ya kupokea ripoti, kufuta majina, kisha kutangaza kilichobaki. Rubani wa Wilson anayejua kwamba barua yake haitasomwa na mtu anayeweza kumfukuza kazi ataandika. Anayejua kinyume chake atamnong'oneza mwenzake wakinywa chai, na habari itaishia kwenye kikombe. Mlevi na mzembe wa kupindukia waendelee kushtakiwa, hakuna anayewatetea.

Na tukumbuke ya yule mwongozaji wa Zurich, Uswisi, aliyekuwa zamu akiziongoza ndege zile usiku wa Überlingen. Alikuwa peke yake chumbani, akihangaika na skrini mbili, mitambo na laini za simu zikiwa katika matengenezo. Mwaka 2004 baba mmoja aliyepoteza mke na watoto wawili katika ajali ile alimfuata hadi nyumbani kwake na kumuua kwa kisu. Hasira ya wafiwa ikikosa ukweli hutafuta uso wa mtu, na uso ulio karibu zaidi ni wa yule aliyeshika kipaza sauti. Ndiyo maana nikisikia watu wakisema "watu wa mnara walilala" huwa nataka kujua walikuwa wangapi zamu hiyo, walikuwa wamefanya kazi kwa saa ngapi, na mbele yao walikuwa na chombo gani zaidi ya darubini na redio. Waongozaji wetu wanastahili majibu hayo yatangazwe, kwa kuwa yanawalinda wao kabla ya kutulinda sisi.

Ninachoomba ni hiki. KCAA itoe kila baada ya miezi mitatu orodha ya matukio ya ndege kukoswakoswa kugongana, uwanja kwa uwanja, bila majina ya watu: tarehe, saa, kimo, aina ya ndege, kama mojawapo ilikuwa ya mafunzo, idadi ya waongozaji waliokuwa zamu, na hatua iliyochukuliwa. Orodha iandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa kuwa Katiba ya 2010 inazitambua zote mbili kuwa lugha rasmi, na Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Ripoti ya mgongano wa tarehe 5 Machi nayo iwe na muhtasari wa Kiswahili ambao mama mboga anaweza kusomewa na mwanawe. Iwekwe pia namba ya simu, au dawati, ambapo mkazi wa South C, Lang'ata au Nairobi West anaweza kueleza alichokiona bila kuulizwa kwanza kama kuna aliyeumia. Kama njia hiyo tayari ipo, basi haijafika mtaani kwetu.

Orodha ya kwanza naomba ianzie nyuma, ihusu miezi kumi na miwili iliyotangulia tarehe 5 Machi 2024, ili tujue siku ile ilikuwa ya ngapi. Na mtakapofungua dawati, nitaileta ile kalenda. Tarehe bado inasomeka. Wekeni tukio lile kwenye hesabu, au nielezeni kwa nini halistahili kuhesabiwa. Nitalipokea jibu lolote kati ya hayo mawili.

Wenu mtiifu,

Mkazi wa South C, Nairobi

Nakala: Kamati ya Uchukuzi, Bunge la Kitaifa